Barua ya wazi kwa kaka yangu aliyechukua kisu akaacha ala

Kaka, shikamoo.

Shangazi amenifikishia salamu zako, kwamba unaitaka ala ya kisu cha marehemu Baba kwa sababu unaona aibu kwenda porini, pamoja na wenzako wenye vibali vya kuwinda, ukiwa umekifunga kisu kwenye gazeti. Nakujibu hapa kwa kuwa simu zangu huzipokei. Wasomaji wengine watatuvumilia.

Siku ya arobaini ulisema kwamba kisu butu kinamtesa mnyama, na hapo ulisema kweli. Lakini jiwe la kunolea lilikuwa palepale chini ya mwembe, pamoja na ndoo ya maji, nawe ukaenda kuazima grenda kwa mchomelea vyuma. Cheche ziliruka mbele ya wazee, na ulipoinua kisu makali yalikuwa yamegeuka buluu kutoka nchani hadi karibu na mpini. Nilipopaza sauti ukaniambia, watoto wako wakisikia, kwamba kushona ngozi hakumfanyi mtu kuwa mhunzi.

Basi sikiliza alichokifanya mhunzi mwenyewe, yaani Baba, maana wewe wakati ule ulikuwa Dar es Salaam. Kipande kile cha springi ya Land Rover alikifua, akakichonga kwa tupa, kisha akakirudisha motoni mpaka sumaku ikakataa kukishika, yaani kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi, ndipo akakizamisha katika mafuta. Chuma kilichozimwa hivyo huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kwa hiyo alikipasha tena taratibu, kwenye nyuzi 200 hivi, hadi kikapata rangi ya nyasi kavu. Buluu, kama ile iliyoletwa na joto la grenda yako, huja karibu na nyuzi 300, na hapo ugumu alioutafuta umekwisha kupungua. Ndiyo sababu kisu hakishiki makali. Nawe umemwambia Shangazi kwamba Baba alitumia chuma kibovu! Kaka, la grenda ningeweza kulimeza. Hilo la pili halipiti kooni.

Ala niliishona mimi. Niliilowesha ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome, nikaikandamiza juu ya kisu kilichofungwa nailoni mpaka ikashika umbo lake, na katikati ya mshono nikaweka ukanda wa ngozi ili makali yasikate uzi. Usidhani kuizuia ni kukukomoa. Kisu hakilazwi ndani ya ala, kwani ngozi hushika unyevu na chuma hupata kutu. Kipake mafuta, ukiweke pakavu. Kwa maana hiyo sijakudhuru kwa lolote.

Kisu kinatengenezeka, ila kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni kukirudisha motoni, na hapo lazima ule mpini wa mpingo ung'olewe pamoja na pini zake za shaba, jambo ambalo mkono wangu hautalifanya kwanza bila idhini yako. Ya pili ni kuisaga sehemu ya buluu kwenye jiwe, kwa maji na subira, mpaka tukifikie chuma kigumu. Kisu kitakuwa chembamba, kitacheza ndani ya ala, nami nitalazimika kushona nyingine. Mimi naona ya pili. Mama anasema wewe ndiwe mkubwa, uamue wewe, lakini uamue ukiwa hapa nyumbani na kisu mkononi, kwa sababu ala haitapitia kwa Shangazi.