Skuta ya bei nafuu Mwanza: kabla hujalipa, ipandishe mlima wa kwenu

Swali tunaloulizwa zaidi hapa gereji halihusu breki wala betri. Mtu anaingia, anaziangalia skuta zilizopangwa mlangoni, anauliza: "Ipi ya bei rahisi?" Nasi tunamuuliza: "Unakaa wapi?" Wengine hudhani tunapima mfuko wa mtu kwa mtaa wake. Hapana, tunapima mlima.

Anayekaa Nyakato au Igoma, akishashika lami kuja mjini, njia haimsumbui sana. Anayekaa Isamilo, au kule juu Mabatini nyumba zilikopangana na mawe, kila siku lazima apandishe, mara nyingi jioni, amechoka, akiwa na mzigo au mtoto nyuma. Hawa wawili hawawezi kununua skuta moja hata kama pesa zao zinalingana.

Sababu ni jinsi skuta ilivyotengenezwa. Haina gia za kukanyaga. Nguvu inatoka kwenye injini kwenda gurudumu la nyuma kwa mkanda wa mpira unaozunguka kwenye puli mbili, na puli hizo zinatanuka na kujibana zenyewe. Ukivuta resi, rola zilizo ndani ya puli ya mbele, kwa kawaida sita, zinasukumwa nje, puli inajibana, mkanda unapanda juu na mwendo unaongezeka. Mlimani inakuwa kinyume: mkanda unashuka, injini inalia, na joto lote linabaki kwenye kile kiboksi cha kushoto kinachofunika mkanda. Bodaboda ikizidiwa unarudisha gia moja, yameisha. Skuta ikizidiwa, mkanda unateleza na kuungua kidogo kidogo, na wewe huna habari mpaka siku unakatika.

Sasa tuje kwenye skuta za 50cc (huo ni ukubwa wa injini), maana ndizo nyingi na ndizo za bei ya chini: Honda Dio, Honda Today, Yamaha Jog, Suzuki Let's, mitumba ya Japani. Utazijua haraka kwa kuangalia dashibodi. Mwendo umeandikwa mwisho 60. Kwao Japani 50cc ni ya mtu mmoja kisheria, hairuhusiwi kupakia abiria, na mzigo wake mwisho ni kilo 30. Inafika Mwanza inakutana na mshikaki: mama, mtoto wa shule, na ndoo ya dagaa kati ya miguu. Hatusemi usiinunue. Kwa mtu mmoja wa kwenda kazini na kurudi, kwenye njia isiyo na mlima mkali, hatujaona chombo kinachotumia mafuta kidogo kama hicho. Ila kama unajua utapakia mtu kila siku, vumilia mwezi mmoja au miwili uongeze pesa, uchukue ya 110 au 125, kama Honda Activa, TVS Jupiter au Suzuki Address ya 125. Bei yake ya kununua ni kubwa zaidi, lakini hutatuona mara kwa mara.

Jambo jingine kuhusu 50cc: Honda ilisimamisha kuzitengeneza kwa soko la Japani mwaka 2025, kwa sababu masharti mapya ya moshi yalifanya injini ndogo kiasi hicho isiwe na faida tena. Kwa hiyo mitumba itakayoendelea kuingia itazidi kuwa ya miaka mingi. Spea zipo, na zitakuwepo kwa muda mrefu. Ila "kilomita chache, haijatumika" ni maneno ya kuyapokea kwa tabasamu tu.

Ukienda kuiangalia

Mpigie muuzaji simu mapema, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja karibu na injini. Kama ina joto, amekwishaiwasha, na kuna sababu. Injini nzima inawaka ikiwa baridi, kwa kiki na kwa swichi. Jaribu vyote viwili. Inayokubali swichi tu huenda kiki imeliwa meno. Inayokubali kiki tu, betri imechoka, au stata.

Moshi uangalie ukijua ni injini ya aina gani, maana hapa watu wengi wamekataa skuta nzuri na kuchukua mbovu. Dio za zamani ni za mipigo miwili, zinachoma oili pamoja na petroli, na zina tangi dogo la oili pembeni. Moshi mwepesi wa rangi ya maziwa asubuhi kwa hiyo ni wa kawaida. Today na Dio za baadaye ni za mipigo minne; hizo zikitoa moshi wa bluu ukivuta resi, inakula oili, ringi zimeisha au silinda imechubuka. Hapo unanunua injini ya kufungua.

Kisha iendeshe, na si kuzunguka uwanja wa muuzaji tu. Omba uipandishe mlima, na kama inawezekana, mlima wa kwenu wenyewe. Inapoanza kuondoka, sikiliza: ikitetemeka kwa nguvu mpaka mwendo uchanganye, klachi au kengele yake (kikombe kinachoizunguka) ina kasoro. Ikilia sana bila kwenda, mkanda umekwisha. Ukifika juu, simama, vuta pumzi kwa pua. Harufu ya mpira ulioungua haidanganyi.

Tairi nazo. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kifremu kidogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno yote na bado mpira wake umekauka. Kwenye lami yenye maji ya mvua pale Kirumba utajua tofauti ukiwa chini. Na kumbuka gurudumu la inchi 10 ni dogo. Shimo ambalo bodaboda ya Boxer inalipita bila dereva kushtuka, skuta inaingia humo nzima nzima. Kwa hiyo tazama rimu kama imepinda, na tikisa usukani uone kama beringi za shingo zina mlegezo.

Karatasi hatutakaa nazo sana, lakini usiziruke. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye kadi. Kwa Honda za Japani namba ya chesisi huanza na herufi za modeli, kwa mfano AF62 kwa Dio ya mipigo minne. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya usajili kabla ya kulipa, na bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, usiishie kuiona stika. Badilisha umiliki TRA mara tu mkiuziana. Ndiyo, hata 50cc inadai leseni, helmeti na namba za MC kama bodaboda. Wapo bado wanaoamini ni baiskeli yenye mota.

Mkanda, mkanda, mkanda

Muuguzi mmoja anayekaa Isamilo alituletea Dio yake baada ya kuihangaikia kwa muda mrefu kwingine. Kushuka asubuhi ilikuwa haina shida. Kupanda jioni ilikuwa inalia, inanuka, halafu anapitwa na watembea kwa miguu. Alikuwa ameshabadilishiwa plagi, kabureta imeoshwa, hata eya klina mpya. Hakuna aliyefungua kava la kushoto. Tulipolifungua, vumbi jeusi la mpira lilikuwa limejaa kila kona, na mkanda ulikuwa na nyufa kwenye meno. Tukatoa rola tukaziweka mezani. Rola nzima inabingirika. Zake zilisimama tuli, kila moja ina bapa upande mmoja.

Mkanda mzima na mkanda uliokufa unatofautiana kwa upana wa kama milimita moja tu. Kwa macho huoni, ndiyo maana tunapima kwa vernia, kifaa cha kupimia milimita, na kukuonyesha namba. Viwanda vingi vinataka mkanda ukaguliwe kwa kilomita maalumu na kubadilishwa kati ya kilomita 15,000 na 20,000 hivi. Kwa anayepanda mlima kila siku akiwa na abiria, sisi tunafungua mapema zaidi. Ukinunua mtumba ambao hujui historia yake, badilisha mkanda na rola siku ya kwanza, zote pamoja. Usiweke mkanda mpya juu ya rola zenye bapa.

Na hapa kuna huduma ambayo watu wa milimani hawaijui: rola zinauzwa kwa gramu. Ukiweka nyepesi kidogo kuliko za kiwandani, injini inachelewa kubadilisha, inabaki kwenye nguvu, na skuta inapanda vizuri zaidi. Utapoteza kidogo kwenye mwendo wa mwisho na mafuta yataenda zaidi kidogo. Anayekaa Isamilo anafurahi. Anayekwenda Kisesa kila siku atatulaumu. Ndiyo maana tunauliza unakaa wapi.

Oili

Skuta ya mipigo minne ya 50cc inakula chini ya lita moja ya oili. Fundi aliyezoea bodaboda anafungua kopo la lita, anamimina lote, anasema "nimekujazia." Oili iliyozidi inatafuta njia, inapanda kupitia bomba la hewa mpaka eya klina, na unaanza kuona moshi kwenye skuta isiyo na ugonjwa. Mimina kwa kipimo cha kijiti, basi. Kwa vumbi la barabara zetu za ndani, Buswelu na Kishiri mnajua, tunashauri kumwaga kila kilomita 1,500 hadi 2,000.

Kwenye kopo tafuta neno JASO, alama ya Kijapani ya kupanga oili za pikipiki. MB ni ya skuta. MA ni ya pikipiki ambayo klachi yake imezama ndani ya oili. Skuta ikiwekewa MA haidhuriki, lakini bodaboda ikiwekewa MB klachi inaweza kuanza kuteleza. Wenye vyote viwili nyumbani msichanganye makopo.

Halafu kuna oili ya pili ambayo karibu kila mtu anaisahau: ya gia, kule gurudumu la nyuma. Ni mililita mia moja na kidogo tu. Ikikauka, gia zinaanza kunguruma kama kinu cha kusaga, na gharama yake haifanani kabisa na bei ya ile oili kidogo. Wenye mipigo miwili, taa nyekundu ya oili ikiwaka usisubiri kufika. Ikiisha, pistoni inakamata hapo hapo barabarani.

Ziwa na skuta

Tunajua kuosha ufukweni ni bure na kunapendeza Jumapili. Ila skuta ikisukumwa mpaka maji yafike kwenye ekseli, yanaingia kwenye kiboksi cha mkanda na kwenye breki za nyuma za ngoma. Jumatatu asubuhi mkanda unateleza, breki haishiki, na wewe unashuka mlima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na oili yako ikielea pale ni uharibifu. Osha nyumbani kwa ndoo na kitambaa, usielekeze mpira wa maji kwenye matundu ya kava la kushoto.

Wauza samaki wanaotoka Mwaloni, weka ndoo yenye mfuniko. Kwenye baadhi ya skuta za Honda betri imelazwa chini ya pale unapoweka miguu, na maji ya samaki yakidondokea humo vichwa vya waya vinaota kutu ya kijani. Ukikuta skuta inazimika taa ukipita tuta, anza kutafuta hapo.

Wanafunzi wa SAUT, ninyi shida yenu ni likizo. Skuta inakaa wiki nyingi, petroli inakauka ndani ya kabureta na kuacha gundi kwenye jeti ndogo, mkirudi haiwaki. Kabla ya kuondoka, fungua skrubu ya chini ya kabureta, iache petroli imwagike kwenye chupa, funga, chomoa na waya hasi wa betri. Kazi ya dakika chache. Na ninyi wa visiwani mnaonunua petroli ya chupa, shikeni chupa mbele ya jua kwanza. Ikiwa na maji, yatakuwa yametulia chini na utaona mstari.

Bei za spea hatuziandiki hapa kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola. Uliza siku unayohitaji. Ukaguzi wa skuta unayotaka kununua tunaufanya asubuhi, kabla ya saa nne, injini ikiwa bado baridi. Njoo na muuzaji na kadi yake. Tutafungua kava la mkanda mbele yenu wote wawili, tutapima, tutapandisha mlima, na utaondoka na karatasi yenye vipimo, ununue au usinunue.