Kabla hujakoleza huo moto

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kimya changu. Huku sote wazima. Ningekuandikia kwa utulivu mwisho wa wiki, ila shemeji kanipasha habari kwamba Jumamosi mnachoma pembe changa zisiote, ndama na vitoto vya mbuzi kwa mpigo mmoja, chuma kilekile, kwa kuwa eti "mbuzi ni ndama mdogo tu". Chai imenipolea mkononi. Mbuzi si ndama mdogo, ndugu yangu!

Kwa ndama sina wasiwasi nawe. Yule wa wiki tatu kafikia umri wake: papasa kichomozo, yaani kile kinundu cha pembe inayoanza kuota, utakiona bado kinacheza pamoja na ngozi. Kikipita miezi miwili hivi kinaanza kushikana na fuvu, na hapo hakuna kuchoma, ni kukata, damu juu. Kwa hiyo yule mkubwa mwachie daktari wa mifugo. Nyoa nywele kwanza. Ganzi ni lignokaini ya asilimia 2, mililita 5 kila upande, katikati ya kona ya nje ya jicho na shina la pembe, chini kidogo ya ule ukingo wa mfupa unaopapasika. Kisha subiri dakika 10, tena usibane saa: mguse kwa ncha ya sindano kuzunguka kichomozo, akishtuka bado. Chuma kikae sekunde 10 hadi 15, ukikizungusha kwa kiganja bila kukandamiza, mpaka duara lote kuzunguka kichomozo liwe na rangi ya shaba. Pale shaba ilipokatika ndipo pembe itakapochungulia.

Sasa hao mbuzi. Fuvu la kitoto cha siku saba ni jembamba mno, na ubongo uko papo hapo chini yake. Sekunde zako za ndama zitamuua, wala hatafia mikononi mwako ukajua kosa. Ataondoka anatembea, halafu siku mbili tatu baadaye anagoma kunyonya, anasukuma kichwa ukutani, anatetemeka, na watu wanasema kalogwa. Kwake ni sekunde 3 au 4, basi. Toa, mpoze kwa kitambaa kibichi, nenda pembe ya pili, ndipo urudi kumalizia ya kwanza kama duara halijatimia.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wakiogopa kumuunguza, wanapunguza moto. Chuma vuguvugu ndicho kibaya zaidi, maana unakishikilia muda mrefu na joto linapata nafasi ya kuzama. Kijaribu kwenye kipande cha ubao. Kisipoacha duara jeusi lililo sawa mara tu kinapogusa, kirudishe motoni. Baada ya kila kichwa, kirudishe tena.

Ganzi ya mbuzi nayo ina hesabu yake. Kitoto cha kilo 4 kisipate zaidi ya mililita 1 ya hiyo ya asilimia 2, hiyo ni jumla ya sindano zote. Na sindano ni nne, kwa sababu kila pembe ina mishipa miwili ya fahamu: mmoja unapita nyuma ya jicho, mwingine juu ya kona yake ya ndani. Kwa hiyo dawa huzimuliwa nusu kwa nusu na maji ya chumvi ya sindano, kila sehemu ikapata nusu mililita ya mchanganyiko huo. Kazi hiyo mpe daktari, akupe na dawa ya maumivu na kinga ya pepopunda. Kigaga kisibanduliwe, kitadondoka chenyewe baada ya wiki kadhaa. Usikifunge bandeji. Nzi ndio wa kuchunga.

Ile dawa kali ya kupaka, ya kuunguzia pembe bila moto, anayoisifia shemeji usiisogeze kwa mbuzi. Wanasuguana vichwa usiku kucha, inaishia machoni mwa mwenzake na kwenye chuchu za mama. Mwambie pia lile wazo lake la beberu aliyezaliwa bila pembe ni zuri, ila asimpandishe kwa majike waliozaliwa bila pembe, baadhi ya watoto watatoka si dume kamili wala si jike kamili.

Haya nijibu haraka. Vitoto vina siku ngapi leo? Madume umeyahesabu mbali? Pembe zao huwahi na shina lao ni pana, usiwasubirishe. Umewapapasa wote, au kuna wasio na vile vizingo viwili vya nywele utosini, dalili kwamba pembe itaota, uje kuwachoma bure? Ncha ya chuma chako ina upana gani, ni ya ndama au umepata ndogo? Nani atashika kichwa? Asiwe Babu, tafadhali, mikono inamtetemeka. Na daktari kathibitisha Jumamosi, au ni shemeji tu kasema atakuja? Kama ni shemeji, anza na ndama, mbuzi wakae mpaka umwone daktari getini.

Wako,
yule yule wa zizi la juu