Salamu za Shukrani kwa Waliomuaga Baba Yetu, Mchungaji

Bwana Yesu asifiwe.

Tukiwa tumerejea salama kibanjani, nyumbani kwetu kwenye migomba, baada ya ibada ya kumuaga baba yetu anayestaafu utumishi wa kichungaji, tunamshukuru Mungu aliyemshika mkono tangu siku alipowekewa mikono hadi Jumapili ile alipowakabidhi wazee wa kanisa funguo za usharika.

Utumishi wake wote ulikuwa mkoani Kagera, katika Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na sisi watoto wake tunaukumbuka zaidi kwa siku za misiba. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, majirani walipoogopa hata kupiga hodi, baba aliingia, akaketi kando ya mgonjwa na kupokea kahawa ya kutafuna kutoka mkononi mwake. Meli ya abiria ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, alipita nyumba kwa nyumba na daftari akiandika majina ya waliokuwa wakisubiriwa, Wakristo kwa Waislamu. Daftari hilo tunalo mpaka leo, na mbele ya majina mengi ameandika neno moja tu: "bado".

Kwetu nyumbani, siku ngumu kuliko zote ilikuwa Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku ya tetemeko, ukuta wa chumba cha mama ulipoanguka na baba akiwa mbali kwa wagonjwa. Kabla ya giza kuingia, waumini wa msikiti wa jirani walikuwa wamekwisha kutufungia turubai katikati ya migomba na kutuletea uji wa moto, na baba aliporudi usiku alitukuta tumelala. Kesho yake aliongoza ibada nje, kanisa likiwa na nyufa.

Kwa hiyo shukrani zetu za pekee ni kwa imamu wa msikiti huo, ambaye safari hii pia alikuja na wazee wake na kukaa mpaka mwisho wa ibada. Kwa mzee wa kanisa aliyesimamia ujenzi wa nyumba tunayoishi sasa bila kudai hata nauli. Na kwa mama yetu, aliyepika kwa ajili ya wageni ambao hatukuwahi kuwahesabu.

Tunamshukuru Baba Askofu, mkuu wa jimbo, wachungaji, wainjilisti, kwaya zote, umoja wa wanawake, vijana, jumuiya, walimu, wauguzi, viongozi wa kijiji, waendesha bodaboda, na wote mlioleta mikungu ya ndizi, mbuzi, sadaka na maombi.

Mlikuwa wengi mno. Kama jina lako au kikundi chako hatukukitaja, tunakuomba radhi kwa unyenyekevu. Si kwamba tumesahau ulichotutendea, na baba mwenyewe amesema atapita kuwashukuru ninyi mliosalia, nyumba kwa nyumba, kadiri Mungu atakavyompa nguvu.

Ni sisi, mama, watoto na wajukuu.