Kunywa Mtori, Nyama Ziko Chini: Salamu za Krismasi

Bwana Yesu asifiwe, mama zangu na dada zangu. Na ninyi kina baba mnaosoma huku mkinusa harufu ya jikoni, karibuni. Heri ya Krismasi kwenu nyote.

Huu ni mwaka wa pili sipandi basi kwenda Machame, kwetu Kilimanjaro. Mchaga akionekana Dar es Salaam mwezi wa Desemba, watu humwangalia kama aliyetengwa na ukoo. Mangi, Mchaga mwenzangu mwenye duka la mtaani, ameshafunga, amebandika karatasi mlangoni kwamba tuonane Januari. Mwaka jana mimi na mume wangu tulipiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto, nauli za watu watano kwenda na kurudi, zawadi za wazee, mchango wa ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Tulipofika chini ya ukurasa tukakuta ada ya Januari inatuchungulia. Nikampigia mama kumwambia hatuji. Nilitegemea atanuna. Akauliza tu, "Kwani huko hampiki mtori?"

Niwaeleze tulikotoka. Kuna Krismasi moja nilikopa kikoba. Nilinunua kuku, kreti za soda, nguo za sare za watoto wote watatu na mchele ambao hata wenye harusi wangeuonea wivu. Wageni niliowahesabia, nusu hawakutokea. Tarehe 27 wali ulikuwa umechacha kwenye ndoo, nikawamwagia kuku wa jirani. Marejesho yalikwisha mwezi wa Juni. Sikumlaumu mtu, maana hakuna aliyenishika mkono nikope; nilitaka tu uani waone kwamba na sisi tuna sikukuu.

Basi neno la mama lilinikalia kichwani. Mtori, kwetu, ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua anapikiwa ndizi na supu ya mifupa, anakunywa wa moto, mwili urudi na maziwa yatoke. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 na habari za Mtoto wa Bethlehemu, mtori waliukuta. Na Krismasi ni nini kama si habari ya mwanamke aliyejifungua? Siku zote tunamwangalia mtoto horini, tunawaangalia wachungaji na mamajusi, lakini nani alimuuliza Mariamu kama amekula? Nimekaa kanisani miaka yote hii na hilo swali halikuwahi kunijia, mpaka nilipokosa nauli.

Tena hawakuwa watu wenye uwezo. Soma Luka sura ya pili mpaka mstari wa 24. Siku za utakaso zilipotimia, Yusufu na Mariamu walipanda Yerusalemu na sadaka ya ndege wawili, hua au makinda ya njiwa. Rudi nyuma kwenye Walawi 12 uone maana yake: sheria ilitaka mwana-kondoo, ila kwa mama asiye na uwezo wa kondoo iliruhusu ndege wawili. Hawakukopa kondoo ili majirani wawaone. Walitoa walichoweza kulipia, na hekaluni Simeoni akampokea mtoto mikononi mwake vilevile. Mimi mstari huo wa njiwa umenifundisha bajeti kuliko semina zote za ujasiriamali nilizohudhuria, na zile zilikuwa na chai.

Sasa twende jikoni, maana najua wengine mnasubiri hapo.

Sinunui steki. Namwambia mwenye bucha anipe kilo mbili za mifupa ya supu, yenye uboho na nyama kidogo imeng'ang'ania. Tarehe 24 tukitoka ibada ya usiku, jiko la mkaa lililopika chakula cha jioni bado lina makaa. Naliacha hapohapo uani, kwenye hewa, naongeza mkaa wa kiganja kimoja na kuyafukia makaa kwa majivu ili yaende polepole. Naosha mifupa, natia maji na chumvi, nafunika, juu ya kifuniko naweka jiwe kwa sababu ya paka. Alfajiri nyama inaachia mfupa yenyewe. Gesi sijaigusa.

Ndizi ni mshare, mbichi kabisa. Kabla ya kumenya paka mafuta ya kula mikononi na kwenye kisu, vinginevyo utomvu utakutia weusi na utasalimia watu sikukuu ukiwa umeficha vidole. Kila ukimenya moja itumbukize kwenye maji isiwe nyeusi. Chuja supu, toa mifupa, chambua nyama uiweke pembeni. Ndizi na vitunguu viive ndani ya hiyo supu mpaka mwiko upite bila kubishana, kisha ponda, ponda tena, rudisha nyama. Ukiwa na maziwa au siagi kidogo, tia. Usipokuwa nayo, hakuna atakayegundua. Wapo wanaotia karoti na hoho. Siwakatazi, ila wasimwambie mama yangu.

Jioni utakuta umeganda. Usiutupe, ongeza maji ya moto uukoroge. Mifupa nayo ichemshe tena, maji yake ndiyo utakayopikia maharage ya kesho yake. Bwana alipowalisha watu 5,000 kwa mikate ya shayiri, mikate ya watu wa hali ya chini, alipomaliza alisema wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu. Aliyeweza kufanya mikate izidi ndiye aliyekataa makombo yatupwe! Ukiwa na watoto wanaobakiza chakula, hapo ndipo pa kuanzia.

La mwisho ni la jirani yangu, Bi Mkubwa wa chumba cha mwanzo. Ni Mwislamu, na Ramadhani haijawahi kupita bila futari yake kugonga mlango wetu. Mwaka ule wa mkopo nilimpelekea pilau, na juu ya kifuniko nikaweka kipeperushi cha mkutano wa injili. Niliona nimetimiza wajibu. Ninyi mnajua kwamba uswahilini chombo hakirudi kitupu; hata kama ni limau moja, hata kama ni chumvi. Sahani yangu ilirudi imeoshwa, imekaushwa, na haina kitu. Hakusema neno, na mimi sikuuliza.

Mwaka jana nikampelekea bakuli la mtori, peke yake. Nikamwambia, "Shikamoo Bi Mkubwa, mifupa ni ya bucha ya hapa kona, na sufuria unalijua." Akafunua, akacheka. "Mtori? Nani kajifungua?"

Nikamwambia, Mariamu.

Akanivutia kigoda. Nilimweleza ninachoamini, kwamba yule mtoto ni Mwana wa Mungu, aliyekuja kwa ajili yangu na kwa ajili yake. Sikukipunguza ili nimpendeze. Yeye akaniambia hilo la Mwana wa Mungu halikubali, na hakulipunguza na yeye. Kisha akanisimulia kilichomo kwenye Sura Maryam: uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, atulie. Tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba mzazi lazima ale. Akaniuliza kama na Mariamu alikaa ndani arobaini. Nikahesabu zile za Walawi, siku 7 na nyingine 33, nikamwambia ndiyo, arobaini kamili. Akapiga paja.

Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole. Miaka yote nilikuwa nikijibu kabla sijaulizwa.

Jioni bakuli lilirudi na tende, zimefunikwa na kitambaa cha kufuma. Watoto waligombania mpaka nikazihesabu moja moja.

Leo asubuhi amenisimamisha kwenye bomba la maji. "Mama Ndizi, mwaka huu huendi tena kwenu?" Siendi, nikamjibu. "Haya, mimi tende nimeshanunua."

Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye ada zilizolipwa. Mtakaokwenda nyumbani, safari njema, mtusalimie mlima. Nawaacha, nikawahi bucha kabla mifupa haijaisha.