Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyechaguliwa mzee wa kanisa

Mdogo wangu,

Salamu katika Bwana. Habari za kuchaguliwa kwako zimenifikia huku, hongera. Nakuandikia mapema, kabla hujakizoea cheo.

Ukilewa, watu wa Unguja watakuona na kesho yake utaambiwa. Ukijikinai, yaani ukijiona mwenye haki kuliko wengine, hakuna atakayekwambia, watakusifu. Ndiyo maana jambo hili lina hatari kuliko mengine.

Msome tena yule Farisayo wa Luka 18, aliyesali hekaluni akijisifu mbele za Mungu. Hakusema uongo. Torati ilimtaka afunge siku moja tu kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma. Kwa desturi ya wacha Mungu wa wakati ule zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, siku zilezile ambazo majirani zako wengi hapo mtaani hufunga sunna. Zaka alitoa katika mapato yake yote. Aliharibikiwa pale alipomtupia jicho mtoza ushuru aliyesimama mbali, akamfanya kipimo chake.

Basi usiku, ukijihoji, usiishie kwenye "leo nimekosa nini?" Mtu mwema swali hilo hulijibu haraka akalala. Jiulize: leo nimemdharau nani? Litaje jina lake mbele za Mungu, umwombee juma zima mambo anayoyahitaji: kazi, afya, wanawe. Ukijikuta kila siku unasema "Bwana, mbadilishe", ujue bado hujamwombea. Umemshitaki.

Hapo Zanzibar kuna mtego wa ziada. Wakristo ni wachache, na kanisa dogo huwa jepesi kudhani uchache wake ndio usafi wake. Kijana aliyetoka bara akaajiriwa hotelini Nungwi au Paje, Jumapili yuko zamu. Akikosekana ibadani mwezi mzima mnamwita vuguvugu, na hakuna aliyemuuliza ratiba yake. Ramadhani nayo ina jaribu lake. Kutokula barabarani mchana ni adabu ya ujirani, usijihesabie kuwa umefunga. Na ukimsikia mwenzako anasema "wao wanafunga kwa mazoea, sisi kwa imani", huyo ni Farisayo aliyevaa msalaba.

Hata Mkunazini, hapo Mji Mkongwe, panaweza kukupotosha. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa Kanisa Kuu ukaanza mahali palepale. Mkristo hupita na wageni pale akizungumzia dhambi za wengine, kifua mbele. Asichokisema ni kwamba katika karne ya 18 Wafaransa waliobatizwa walikuwa wakinunua watu wa pwani hii kwa ajili ya mashamba yao ya Mauritius na Réunion. Ukipiga magoti pale, ungama pamoja na wenye hatia.

Sasa matendo. Mathayo 6 inataja matatu, sadaka, sala na funga, na yote matatu huoza kwa njia moja: kutazamwa. Bahasha yako yenye jina itoe kama kawaida, mweka hazina anahitaji hesabu sahihi. Lakini kila mwezi toa na kitu kingine, hata kidogo, ambacho hakitasomwa matangazoni wala mkeo hatakijua. Kwaresima ukifunga, nawa uso, jipake mafuta, na ukialikwa chakula jibu kwa upole bila kutoa hotuba. Sala ya hadharani iwe fupi kuliko ya chumbani. Ikianza kuwa ndefu kuliko hiyo, kuna unayemsalia asiye Mungu.

Tafuta pia mtu mmoja wa kumwungamia, kama Yakobo 5:16 inavyosema, ikiwezekana asiye chini yako kanisani. Hapa wengi huharibu kwa kuchagua dhambi yenye heshima: "Nina hasira na uovu," "Najitoa mno kwa kazi ya Bwana." Hizo ni sifa zilizovishwa kanzu ya toba. Na "sisi sote ni wenye dhambi" haina gharama yoyote. Taja tendo, siku na aliyeumia. Fedha uliyokopa hujalipa. Neno ulilomwambia mkeo mbele ya watoto.

Kukosoa hukukatazwa. Bwana alisema toa kwanza boriti katika jicho lako, ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kibanzi nacho kinaumiza, kinataka kutolewa. Ila Mathayo 18:15 ina utaratibu: wewe na yeye peke yenu, kwanza. Mabaraza mengi huanza na hatua ya mwisho, kuliambia kanisa, kisha hushangaa mtu akihama kanisa. Kikao chako cha kwanza kikiletewa jina la mtu, uliza ni nani ameshakwenda kwake. Kama hakuna, omba ajenda iahirishwe, uende wewe jioni, bila daftari, na umsikilize kabla hujafungua Biblia.

Nisalimie shemeji na watoto.

Kaka yako