Vidonge vya foliki visisubiri kliniki

Mhariri,

Hedhi inapita, mama anapima mkojo, anaona mistari miwili, kisha anakaa mwezi au miwili "mimba ishike" ndipo aende kliniki. Huko anapewa vidonge vya asidi ya foliki. Vitamfaa kuongeza damu, lakini kwa kazi yake kubwa kuliko zote, kukinga ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, vimechelewa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka karibu na siku ya 14, kwa hiyo anayeambiwa ana wiki sita amebeba kiinitete cha wiki nne hivi. (Waume wanaoanza kuhesabu kwa vidole na kununa, wazikumbuke hizo wiki mbili.)

Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, likaendelea kugawanyika huku likisukumwa kuelekea kwenye mfuko wa uzazi, na hujipandikiza ukutani kati ya siku ya 6 na ya 10 tangu lirutubishwe. Likinasa mrijani, mrija unaweza kupasuka. Maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, damu kutoka ukeni, kizunguzungu au maumivu ya ncha ya bega ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Katika wiki ya tatu tangu mimba itungwe, kiinitete ni kipande bapa chenye tabaka tatu, kirefu kwa milimita chache tu. Tabaka la juu linafanya mfereji katikati. Kingo zake zinainuka, zinainamiana na kushikana kama zipu, kuanzia eneo la shingo kwenda juu na chini. Hapo ndipo ubongo na uti wa mgongo vinapoanzia. Tundu la upande wa kichwa hufungwa karibu na siku ya 25, la chini karibu na siku ya 28. Kwa hesabu ya kliniki hiyo ni wiki ya sita: hedhi imechelewa wiki mbili tu, na wengine hata hawajapima.

Upande wa chini usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: miguu inaweza kupooza, mkojo na choo visizuilike, na mara nyingi kichwa hujaa maji. Usipofunga wa juu, ubongo na fuvu haviumbiki na mtoto haishi. Chanzo si kimoja. Kuna kurithi, kisukari kisichodhibitiwa, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproate (asiziache mtu kwa uamuzi wake, amwone daktari kabla ya kushika mimba). Na kuna upungufu wa foliki, ambayo seli huihitaji kutengeneza vinasaba kila zinapogawanyika. Huu ndio rahisi kuuzuia.

Kipimo ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na miezi mitatu ni bora zaidi, hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, au mwenye kisukari, au anayemeza dawa za kifafa, huandikiwa na daktari miligramu 4 au 5, yaani mara kumi na zaidi. Someni lebo vizuri. Na asijaribu mtu kufikia kiwango hicho kwa kumeza vidonge vingi vya mchanganyiko wa vitamini, kwani vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi humdhuru mtoto.

Neno kwa wanaokimbilia ultrasaundi mapema: wiki ya tano mara nyingi huonekana kifuko tu. Kukosa mapigo ya moyo wakati huo hakumaanishi mimba imeharibika. Kipimo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Kwa wahudumu wenzangu: mwanamke anayekuja kutoa kijiti au kitanzi kwa sababu anataka mtoto anaweza kushika mimba kabla ya hedhi inayofuata. Apewe vidonge hapo hapo, kwenye meza ya uzazi wa mpango, asiambiwe avisubiri kliniki ya wajawazito.

Mkunga, msomaji wenu