Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mche wa mkonge uchaguliwe kulingana na ardhi

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkulima mdogo wa mkonge wilayani Korogwe, na ninakuandikia kuhusu miche inayopelekwa kwa wakulima wapya nje ya Tanga. Mkonge sasa unahimizwa hadi Singida na Kishapu, jambo linalotufurahisha sana. Lakini mche unaotafutwa karibu kila mahali ni wa aina moja, chotara 11648, kana kwamba mvua na udongo wa nchi hii ni vilevile kote.

Sifa za chotara hiyo sizipingi. Ilizalishwa na watafiti papa hapa mkoani Tanga, hutoa majani yapatayo 600 katika uhai wake wakati mkonge wa zamani hutoa kati ya 200 na 250. Hata hivyo, penye unyevu mwingi hushambuliwa na ugonjwa wa pundamilia, ambao mkonge wa zamani huustahimili vizuri zaidi. Jani hupata michirizi ya rangi nzito na hafifu inayopishana, kisha uozo hushuka hadi kwenye shina, na ukiuvuta moyo wa mmea unang'oka mkononi ukitoa harufu mbaya.

Kuhusu udongo, wanaosema mkonge huota popote wameangalia ukame peke yake. Mkonge huvumilia jua, ila hauvumilii maji yaliyotuama wala udongo wenye tindikali nyingi. Hupenda ardhi yenye chokaa inayopitisha maji. Udongo mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji wakati wa mvua, huidhoofisha mizizi yake, ambayo haiendi chini sana. Aidha, jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi, singa (nyuzi) inayopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Chokaa na potasiamu nyingi hubaki kwenye masalia, na mkulima mdogo asiye na usafiri hawezi kuyarudisha shambani. Baada ya mikato kadhaa, shamba lililopungukiwa potasiamu huonyesha majani yanayonyauka karibu na kitako, na mvua haiwezi kuliponya.

Mheshimiwa Waziri, mkato wa kwanza huchukua takriban miaka mitatu, kwa hiyo mkulima aliyepewa mche usiofaa hugundua hasara akiwa amekwisha kutumia nguvu zake zote, pengine na mkopo. Ndiyo maana naomba kituo cha utafiti cha Mlingano kiwezeshwe kupanda mashamba ya majaribio katika kila kanda mpya, aina zote mbili bega kwa bega, penye chokaa na pasipo chokaa, na udongo wa mkulima upimwe kabla hajakabidhiwa miche. Matokeo yawafikie maafisa ugani kwa Kiswahili chepesi, yakitaja kata na aina ya udongo.

Wakati majaribio hayo yakiendelea, vitalu vigawiwe vikonyo, yaani miche midogo ya mkonge, vya aina zote mbili, ili mkulima wa bonde lenye mvua nyingi na mwenzake wa Singida kila mmoja apate mche unaomfaa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima mdogo wa mkonge, Korogwe